Rubani Aliyeitwa Sukani: Maneno ya Siku Moja Beaufort

Mji wa Beaufort umekaa juu ya kisiwa cha Port Royal, katika jimbo la South Carolina, Marekani, kati ya Savannah na Charleston. Wenyeji hutamka Byufati. Huko North Carolina upo mji mwingine unaoandikwa vivyo hivyo, lakini wenyewe huuita Bofati. Huu ninaousema mimi ulianzishwa mwaka 1711 na una watu zaidi kidogo ya 13,000. Mgeni aliyetoka Savannah asubuhi, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, anaweza kuuzunguka kwa miguu, akavuka daraja kwenda kisiwa cha St. Helena, na akarudi kabla giza halijaingia. Waandishi wa habari za utalii hawachoki kuusifu: mialoni iliyotanda, nyumba nyeupe zenye nguzo, mto mpana mbele ya mtaa wa maduka. Sifa hizo ni za kweli. Mimi nimeshughulishwa na maneno ya Kiswahili ya kuuandikia mji kama huu. Nadai kwamba mengi tunayo tayari, tena yanafaa kuliko yale tutakayoyapata kwa kupekua kamusi ya Kiingereza, kwa sababu pwani yetu na pwani ile zimefanana katika mambo mengi mazuri na katika jambo moja baya sana. Anayetaka kuiandika Beaufort apite kwanza Lamu, Pangani na Unguja.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayompokea mgeni. Mtaa mkuu, Bay Street, unafuata ukingo wa mto Beaufort, na mto huo kwa kweli ni mkono wa bahari. Maji yake ni ya chumvi, hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kati ya kupwa na kujaa hupanda zaidi ya mita mbili. Yakipwa, tope jeusi lenye harufu kali hubaki wazi na chaza huonekana wameshikamana mafungu mafungu kwenye kingo za hori. Siku hizi watu wa huko huzungumza sana juu ya 'king tide', siku ambayo maji hupanda mpaka barabarani hata kama hakuna mvua wala upepo. Mfasiri anayekwenda neno kwa neno ataandika maji ya mfalme, na mvuvi wa Tanga hatajua anaambiwa nini. Akiandika bamvua kubwa kuliko zote za mwaka, mvuvi huyo ataelewa kitu na ataelewa sababu yake pia, kwa kuwa anajua bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katikati yake huwa maji mafu. Neno hilo limebeba elimu nzima ya mwezi na bahari.

Tatizo liko kwenye zile nyasi. Pembezoni mwa hori zote hizo kuna uwanda wa nyasi ndefu, kijani wakati wa joto na rangi ya dhahabu kavu wakati wa baridi, ambao bahari huufunika na kuufunua kila siku. Kamusi itakupa kinamasi, na kinamasi kwetu ni maji yaliyotuama, yenye mbu na matete. Mikoko haipo huko. Baridi ya South Carolina haiiruhusu. Nimependa kuandika mbuga za maji chumvi. Mbuga, kwa wakulima na wafugaji wa bara Tanzania, ni bonde la nyasi na udongo mweusi ambalo hufurika majira ya mvua na kukauka kiangazi. Huko Beaufort majira hayo hupita ndani ya saa kumi na mbili. Neno halikupotoshwa hata kidogo, limeharakishwa tu.

Ukivuka daraja la Woods, lile linalozunguka kwenye mhimili wake kupisha vyombo virefu, ukapita Lady's Island na kuingia St. Helena, utafika kwenye magofu ya kanisa dogo lililojengwa miaka ya 1740 kwa ajili ya wenye mashamba waliokaa mbali na kanisa la mjini. Moto wa msituni uliliunguza mwaka 1886, na kuta zimebaki. Sogea karibu na kuta hizo. Ukuta mzima ni makombe ya chaza, maelfu kwa maelfu, mengine yamelala kifudifudi, mengine yamegeuza upande wa ndani nje, na kingo zake bado ni kali kiasi cha kukwaruza kiganja. Kati yake ni chokaa iliyopauka. Ukitazama vizuri utaona mistari ya mlalo inayokata ukuta kwa vipimo sawa, na vitundu vilivyopangwa kwenye mistari hiyo. Hapo ndipo mbao za kalibu zilipofungwa.

Kazi yake ilikuwa hivi. Makombe yalikusanywa kutoka malundo makubwa yaliyoachwa na wenyeji wa asili wa Amerika waliokula chaza pale kwa karne nyingi. Sehemu ilichomwa juu ya magogo mpaka ikawa chokaa. Chokaa ikachanganywa na mchanga, majivu, maji na makombe mazima, ikamwagwa na kushindiliwa kati ya mbao. Ikikauka, mbao zinapandishwa, tabaka jingine linamwagwa. Huko huitwa 'tabby'. Wengine wanalitoa neno hilo kwenye Kihispania tapia, ukuta wa udongo ulioshindiliwa, na wengine wanakwenda mbali zaidi mpaka Kiarabu, na mjadala huo haujakwisha. Fundi wa Kilwa au wa Gede angeitambua kazi hii kwa nusu. Kuchoma angekujua, kwa kuwa yeye alichoma matumbawe juu ya magogo vilevile. Kumwaga kungemshangaza, maana yeye alipanga mawe kwa mkono na chokaa ikawa ya kuyashikanisha. Kwa hiyo tusiuite ukuta wa mawe wala ukuta wa matumbawe. Mafundi wetu wa leo wana neno zege, na zege ndilo hili: kitu kinachochanganywa, kikamwagwa ndani ya mbao na kushindiliwa. Zege la chaza linatosha. Na kila anayeliandika asisahau kusema nani aliyekoroga, kwa sababu mikono iliyokoroga haikulipwa.

Nyumba za mjini zimeinuliwa juu ya misingi ya zege hilo ili upepo upite chini, na nyingi zina veranda mbili, moja juu ya nyingine, zinazotazama kusini penye upepo wa bahari. Kiingereza kina neno moja kwa zote mbili. Sisi tunayo mawili: ile ya chini ni baraza, ambapo mpita njia husalimiwa na kukaribishwa kiti; ile ya juu ni roshani, ambapo mtu huona asionwe sana. Chini ya dari ya baraza nyingi utaona rangi ya samawati iliyofifia. Watu wa visiwani wanasema rangi hiyo huzuia kile wanachokiita 'haint' kisiingie ndani. Hapa nimekaa muda mrefu na maneno yetu. Mizimu hapana, kwa sababu mizimu wengi wetu huitambikia, nayo ni ya ukoo. Pepo huitwa kwa ngoma na hupewa kiti. Jini ana habari zake katika dini. Kinachobaki ni mzuka, kitu kinachozuka tu, hakikuitwa, hakina ukoo na hakina adabu ya kubisha hodi. Mzuka ndiye anayezuiwa na rangi. Na rangi yenyewe inatukumbusha nili, zao lililowatajirisha wenye mashamba wa South Carolina katika karne ya 18 kabla pamba haijatawala visiwa hivi.

Mialoni nitaipita haraka. Yale manyoya ya kijivu yanayoning'inia matawini Waingereza huyaita kuvu la Kihispania, na si kuvu wala si la Kihispania. Ni mmea wa jamii ya nanasi. Chakula cha mchana nacho kina mtego wa aina hiyo. Wageni huagiza Frogmore stew: kamba, mahindi, viazi na soseji, vyote ndani ya sufuria moja. Frogmore ni jina la mahali huko St. Helena, kwa hiyo anayetafsiri jina vipande vipande atawapa wasomaji chura ambaye hakuwahi kuingia jikoni. Wala si mchuzi, maana maji humwagwa na chakula hupakuliwa kikavu, mara nyingi juu ya magazeti. Ni mchemsho. Soseji kwa kawaida ni ya nguruwe. Msomaji Mwislamu aulize kwanza.

Sasa niingie mtaa wa Prince, maana hapo ndipo Kiswahili kinapofanya kazi ambayo Kiingereza kilikataa kuifanya.

Robert Smalls alizaliwa mwaka 1839 katika kibanda cha nyuma ya nyumba moja ya mtaa huo. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumwa katika nyumba hiyo, na kwa sheria ya wakati ule mtoto alikuwa mtumwa pia. Alipofika miaka 12 mwenye nyumba alimpeleka Charleston akafanye kazi kwa watu: mhudumu hotelini, mwasha taa za barabarani, kisha bandarini, kwenye matanga na kamba, mwisho vyomboni. Ujira ulipolipwa, sehemu kubwa ilikwenda kwa mwenye nyumba, na kijana akabakiziwa kidogo. Kwa Kiingereza hali hii huelezwa kwa sentensi nzima. Sisi tunalo neno moja, kibarua. Leo kibarua ni mfanyakazi wa siku, tunalitamka bila kufikiri, lakini katika Unguja na Mombasa ya karne ya 19 kibarua alikuwa mtumwa aliyekodishwa kwa watu wengine, akarudi jioni na ujira wake kugawana na bwana wake. Jina linatokana na barua, kile kikaratasi kilichoshuhudia siku yake ya kazi. Robert Smalls alikuwa kibarua kwa maana ileile iliyotumiwa Unguja miaka hiyohiyo.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza mwaka 1861, meli ya kubeba pamba iliyoitwa Planter ilikodiwa na jeshi la majimbo yaliyojitenga, na Smalls alikuwa ndani yake. Aliijua bandari ya Charleston yote: mikondo, mafungu ya mchanga, mahali palipotegwa mabomu ya majini, na ishara za filimbi zilizohitajika mbele ya kila ngome. Kazi yake ilikuwa ya rubani. Lakini cheo cha rubani hakikuweza kupewa mtumwa, kwa hiyo wakamwita 'wheelman', mtu wa gurudumu. Kwa Kiswahili cha vyombo huyo ni sukani, mshika usukani, anayefuata amri ya mwingine. Rubani ni mtu tofauti. Kabla neno hilo halijapelekwa kwenye ndege, rubani wa pwani yetu alikuwa mjuzi wa milango ya bahari na miamba, ambaye hata nahodha humsikiliza chombo kinapokaribia nchi kavu. Elimu yake ndiyo cheo chake. Kwa hiyo mabwana wa Charleston walifanya jambo la lugha: walichukua elimu ya rubani, wakailipa jina la sukani.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, maofisa watatu wazungu walikwenda kulala mjini. Saa tisa za usiku hivi Smalls aliwasha mitambo, akapitia gati jingine kuwachukua mke wake Hannah, watoto na jamaa za wenzake, na wote melini wakawa watu 16. Akavaa kofia ya nahodha, ya ukindu, akasimama kwenye chumba cha usukani kwa mkao aliokuwa amemwona nahodha akisimama nao. Mbele ya ngome ya Sumter alipiga filimbi kwa mpangilio uliotakiwa. Walinzi waliona kofia, wakasikia ishara, wakaruhusu. Alipotoka nje ya masafa ya mizinga alishusha bendera, akapandisha shuka jeupe, na akaikabidhi meli pamoja na mizinga iliyokuwamo kwa jeshi la majini la serikali ya Marekani. Alikuwa na miaka 23. Baadaye alikuwa rubani kwa cheo na kwa mshahara, kisha nahodha wa Planter hiyohiyo. Kabla vita haijaisha alinunua ile nyumba ya mtaa wa Prince, iliyopigwa mnada kwa sababu kodi yake haikulipwa. Nyumba bado ipo. Mgeni huitazama kutoka barabarani.

Kila nikisoma habari zake zilizoandikwa kwa ajili ya watoto wa shule naona neno la mabwana wale limerudiwa bila maelezo. Anayeandika kwa Kiswahili ana nafasi ya kuusawazisha mwamala huo. Aandike hivi: alikuwa rubani, na waliompokonya jina hilo walimwita sukani. Maneno yote mawili yawepo, kwa mpangilio huo.

Kuna neno jingine la vita hiyo linalohitaji uangalifu zaidi. Mei 1861, huko Virginia, jenerali mmoja wa serikali, Benjamin Butler, alikataa kuwarudisha watumwa waliokimbilia ngomeni kwake. Hoja yake ilikuwa ya kisheria: kama mabwana zao wanasema hawa ni mali, basi ni mali ya adui iliyokamatwa vitani. Tangu hapo maelfu ya watu waliokimbia wakaitwa 'contrabands'. Kamusi itampa mfasiri neno magendo. Magendo ni sukari inayovushwa mpakani usiku. Kuwaita watu hivyo ni kuwasingizia kosa. Nyara liko karibu zaidi na hoja ya Butler, kwa kuwa nyara ni kitu kilichochukuliwa kwa adui, na aibu ya neno hilo inaonekana wazi. Lakini Butler alikuwa anawaeleza wanasheria wenzake. Wale waliotembea usiku wakivuka hori na matope walikuwa wamefanya tendo, na kwa tendo hilo tunalo jina: watoro. Mtoro leo ni mwanafunzi asiyekwenda shule. Katika karne ya 19, nyuma ya Malindi na Mombasa, watoro walikuwa watu waliowakimbia mabwana zao wakajenga vijiji vyao wenyewe, kama Fuladoyo na Makongeni. Naandika nyara pale ninapoeleza sheria, na watoro pale ninapowaeleza watu.

Beaufort yenyewe ilikuwa na kisa cha namna ya pekee. Tarehe 7 Novemba 1861 manowari za serikali ziliingia ghuba ya Port Royal, zikapiga ngome mbili, na wenye mashamba wa visiwa vyote wakakimbia. Takriban watumwa 10,000 walibaki. Hao si watoro. Mabwana ndio waliotoroka. Tarehe 1 Januari 1863, katika kambi ya Saxton nje kidogo ya mji, walikusanyika chini ya mialoni kusomewa tangazo la Rais Lincoln la kuwaachia huru. Kwa kusanyiko hilo Kiswahili cha zamani kina neno ambalo sijalikuta katika lugha nyingine ninazosoma: wajoli. Mjoli ni mtumwa mwenzako, aliye chini ya bwana mmoja nawe. Udugu wake haukutoka kwenye damu wala kwenye hiari, na bado ulikuwa udugu.

Nasema haya bila kujivuna. Kibarua, mjoli, mtoro: lugha yetu ina maneno haya kwa sababu pwani yetu iliyatenda mambo hayo. Unguja ilipiga marufuku hali ya utumwa mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Hata neno shamba, tunalolitumia kwa upole kwa ekari mbili za mihogo, ndilo lililotumika kwa mikarafuu iliyochumwa na watumwa. Wamarekani wengi wamejitahidi kuacha kusema mtumwa kama vile ni aina ya mtu, wakasema mtu aliyetiwa utumwani, ili aliyemtia asisahaulike. Mtumwa wetu tayari yuko katika hali ya kutendwa; sikio likisikia vizuri litauliza, ametumwa na nani? Tumelizoea neno mpaka hatulisikii.

Kipindi kilichofuata vita Waingereza hukiita kwa neno la ujenzi. Hifadhi ya taifa inayokihusu ilitangazwa hapa Beaufort Januari 2017, na hadhi yake ikapandishwa mwaka 2019. Nimeona neno hilo likifasiriwa ukarabati. Ukarabati ni wa paa linalovuja. Mwaka 1868 Smalls aliketi katika mkutano wa kuandika katiba ya jimbo na akapigania shule za umma za bure kwa watoto wote; baadaye akachaguliwa mara tano kuingia bunge la Marekani. Mwaka 1895 aliketi katika mkutano mwingine, huu wa kuwanyang'anya weusi kura, akapinga na akashindwa. Watu wale hawakuwa wakiziba nyufa. Walikuwa wakijenga nchi ambayo haikuwahi kuwapo, na msomaji wa Afrika Mashariki aliyekulia kwenye hotuba za kujenga taifa anaujua uzito wa kitenzi hicho. Naandika Ujenzi Mpya wa Taifa, kwa herufi kubwa.

St. Helena ndipo ujenzi huo unapoonekana kwa macho. Kanisa la matofali lililojengwa mwaka 1855 na watumwa, ambamo wao wenyewe walikaa ghorofani, liko mkabala na uwanja wa shule ya Penn, iliyoanzishwa mwaka 1862 na Laura Towne na Ellen Murray. Charlotte Forten, mwalimu mweusi kutoka kaskazini, alijiunga nao mwaka huohuo. Leo mahali hapo ni Penn Center, na katika miaka ya 1960 Martin Luther King alikuja hapa na wenzake kupanga kazi zao kwa utulivu. Visiwani humo kumesalia nyumba ndogo za mbao za sala, ambamo waumini walizunguka kwa duara kinyume cha saa wakipiga makofi na kuburuta miguu bila kuipishanisha. Si ngoma, wazee walikataa kabisa isiitwe hivyo, na ndiyo maana miguu haikupishana. Msomaji wa pwani atafikiria zikiri, na hatakuwa mbali. Mwanaisimu Lorenzo Dow Turner alipendekeza kwamba jina la ibada hiyo, 'shout', linatokana na Kiarabu, neno la mzunguko mmoja wa tawafu. Wengine hawakukubali. Mimi naandika duara la sala.

Turner ndiye aliyewafundisha Wamarekani kuisikiliza lugha ya visiwa hivi, Kigullah. Kabla yake wasomi waliiita Kiingereza kilichoharibika. Yeye, mwanaisimu mweusi, alianza kukusanya mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kitabu chake kikatoka mwaka 1949 kikionyesha maelfu ya maneno na majina yenye asili ya lugha za Afrika. Mengi ni ya Afrika Magharibi, lakini Wabantu tumo. Karanga huitwa 'goober', na msomaji wa Kinshasa atatambua nguba mara moja. Bamia ni 'gumbo', kutoka lugha za Angola. Alfajiri huitwa 'dayclean', siku imekuwa safi, na anayesema kumekuwa kweupe hahitaji kufafanuliwa. Vikapu vyao hufungwa kwa kuzungusha nyasi na kuzishonea kwa ukanda wa jani la mti wa huko wa jamii ya mnazi, kwa hiyo tusiandike wanasuka. Wenyewe husema wanashona, kama sisi tunavyosuka ukili kisha tukashona mkeka. Kikapu kipana cha kupepetea mchele ni ungo. Hakuna haja ya kukiita kitu kingine.

Kuna maneno mawili ya Kigullah yaliyonigusa kuliko yote: 'binya' na 'comya'. Binya ni aliyekuwapo hapa. Comya ni aliyekuja hapa. Mombasa husema wenyeji na wakuja, kwa uchungu uleule, na uchungu huo chanzo chake ni ardhi.

Mwaka 1956 daraja lilijengwa kwenda Hilton Head, kisiwa cha jirani upande wa kusini, na kwa miaka michache mashamba ya Wagullah yakageuka viwanja vya gofu na mitaa yenye mageti. Mitaa mingi kati ya hiyo ilipewa majina yenye neno 'plantation', kama pambo. Ukilifasiri jina hilo kwa uaminifu, shamba la watumwa, halitakaa kwenye lango la mtaa wowote. St. Helena waliliona hilo wakajihami: tangu mwaka 1999 kanuni za kaunti zinazuia humo viwanja vya gofu na mitaa ya mageti.

Lakini ardhi hupotea hata bila daraja. Familia nyingi zilinunua mashamba yao miaka ile ya 1860, wazee wakafa bila wosia, na shamba likawa la watoto wote, kisha wajukuu wote, kisha vitukuu. Kwa Kiingereza huitwa mali ya warithi. Kwetu neno mirathi halifai, kwa sababu mirathi ni kugawa, kila mtu na fungu lake, na hapa hakuna aliyegawiwa. Shamba la ukoo nalo lina wazee wenye kauli, na sheria ya South Carolina haikuwatambua wazee. Ilimtambua kila mrithi peke yake, hata yule wa New York ambaye hajawahi kukanyaga kisiwa. Akimuuzia mgeni sehemu yake, mgeni huyo anaweza kwenda mahakamani kudai shamba zima liuzwe. Sheria ya mwaka 2016, iliyopewa jina la Clementa Pinckney, seneta na mchungaji aliyeuawa kanisani Charleston mwaka 2015, imewapa warithi wengine haki ya kuinunua sehemu hiyo kwanza, kabla ya mnada. Nimechagua kuandika shamba la warithi wasiogawana. Ni refu kwa istilahi, na mhariri atataka kulifupisha. Asiliguse neno la mwisho, maana kesi zote huanzia hapo, siku mmoja wao anapotaka kugawana.